Kongosho la Zamda

Zamda Halfani alikata roho asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya vilima vyekundu vya Irangi. Dkt. Sekela Mwakajila alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na hakuhitaji mashine imwambie. Alisubiri kidogo, akaulaza mkono ule juu ya shuka, kisha akamgeukia mama wa mtoto.

"Amekwenda, mama."

Mwasiti hakupiga yowe. Alimfumba mwanawe macho, akavua mtandio wake na kumfunga kidevu, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un" kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha. Chumba kizima kilinuka tunda lililoiva kupita kiasi. Ndiyo pumzi ya mtoto ambaye damu yake imejaa sukari asiyoweza kuitumia. Zamda alikuwa na miaka kumi na moja, na mwili wake ulikuwa umekonda hata mtu angemdhania wa saba.

Alikufa akisubiri insulini. Enzi za bibi zake dawa hiyo ilikuwa ikiuzwa katika kila duka la dawa mjini. Halafu likaja somo. Lilikuwa matone machache tu, mtoto mchanga akiwekewa chini ya ulimi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha askari wa mwili, zile seli nyeupe za damu, wasilishambulie kongosho. Ndani ya matone hayo mlikuwa na vipande vya protini tano ambazo wataalamu walizijua kuwa ndizo zinazowachokoza askari hao. Somo lilifanya kazi. Kisukari cha watoto kikawa habari ya vitabuni, na wenye kisukari cha ukubwani walikuwa na vidonge vyao vipya. Viwanda vikatazama soko, vikaacha kutengeneza insulini kimoja baada ya kingine. Waliobaki ni watoto ambao somo halikuwafaa. Walikuwa wachache, wametawanyika, na dawa yao iliagizwa kutoka nje kama vile vipuri vya gari ambalo halitengenezwi tena. Shehena ya mwisho ilikaa juani uwanja wa ndege huku watu wakibishana juu ya muhuri. Ilipofika Hospitali ya Mlima Mwekundu ilikuwa imeharibika, haina tofauti na maji.

Sekela aliyajua hayo yote, na alikuwa na uchungu. Lakini alijua na jambo jingine, nalo ndilo lililomfanya atazame nje ya dirisha, barazani, alipoketi Halfani na binti yake mdogo.

Nuria alikuwa na miaka saba. Miezi michache nyuma Sekela alimpima damu akakuta kingamwili zake zinaking'ang'ania kipande cha kongosho kilichowekwa chini ya darubini. Alipozijaribu zile protini tano, moja moja, damu ya Nuria haikuigusa hata mojawapo. Maana yake palikuwa na mchokozi wa sita, asiyejulikana na mtu yeyote, ndiye aliyekuwa akimmaliza Zamda na ndiye angemfuata mdogo wake. Mchokozi huyo haonekani kwenye damu. Angeonekana palepale vita vinapopiganwa, ndani ya kongosho, na kongosho la mtoto aliye hai halikatwi.

La maiti linaweza kukatwa, lakini halisubiri. Kongosho limejaa maji makali ya kusaga nyama tunazokula, na damu ikisimama huanza kujisaga lenyewe. Katika joto la Irangi, kabla ya alasiri huwa limeshakuwa uji.

Sekela akatoka barazani.

*

Halfani Kidunda alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu mrefu, mpole, ambaye siku zote hizo hakuwahi kupandisha sauti wodini. Kando yake alikuwa ameketi Sheikh Twalibu, imamu wa msikiti wa hapo chini, aliyekuja kwa ajili ya mazishi. Sekela alitoa pole, akaketi, akaeleza. Hakuzunguka. Halfani alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha Nuria.

"Nuria, nenda kwa mama," alisema. Mtoto alipoondoka akauliza, "Unataka kumpasua?"

"Nataka kipande cha kongosho, Baba Zamda. Kisha nitamshona. Atazikwa leo kama mlivyopanga."

"Sheikh, unasikia?"

Sheikh Twalibu alijikuna ndevu. "Dharura ina mlango wake katika dini. Aliye hai ana haki yake. Lakini walii, mwenye kauli juu ya mwili wake, ni wewe, Baba Zamda. Siwezi kukusukuma upite mlango huo."

Halfani akaitikia kwa kichwa. "Daktari, wewe ulipokuja hapa uliyakuta haya yameshatokea. Zamda alikuwa mtoto wa kwanza kijijini kwetu kupewa somo. Watu walikuwa wanaogopa. Mimi nilishika kipaza sauti nikazunguka nyumba hadi nyumba: leteni watoto, mimi wa kwangu nimempa. Waliniambia, Halfani, mwanao hatajua kisukari ni nini. Waliniahidi. Wewe sasa nikikupa hicho unachotaka, Nuria atapona?"

"Sijui."

"Unaweza kumjua huyo mchokozi?"

"Huenda."

"Wale walikuwa na ahadi. Wewe huna hata ahadi, una huenda. Unataka nikate mwili wa mwanangu kwa huenda?"

"Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirikii." Akainuka. "Lakini hapana. Ameshachomwa sindano za kutosha. Nitamzika mzima."

Sheria ilikuwa upande wa Halfani. Baada ya ile miaka ya wizi wa viungo, makaburi yalipokuwa yakilindwa kwa bunduki, nchi ilipitisha kwamba maiti ya mtoto haiguswi mpaka wazazi wote wawili watoe kauli zao, zirekodiwe kwa sauti zao wenyewe, na zitunzwe na Baraza la Viungo huko Dodoma. Sekela aliiunga mkono sheria hiyo alipokuwa mwanafunzi. Aliandamana kwa ajili yake.

*

Mwasiti alimkuta kwenye korido ya chumba cha maiti.

"Umesema linajila lenyewe," alisema. "Nilikuwa dirishani."

"Ndiyo, mama."

"Limeshaanza?"

"Limeshaanza."

Mwasiti alitazama mlango. Kichwa chake kilikuwa wazi, maana mtandio ulikuwa umemfunga Zamda kidevu. "Baba yake kaenda kutafuta sanda. Fanya sasa, kabla sijamwosha. Nitamwosha mimi na dada yangu, hataingia mwingine."

"Mama Zamda, kauli ya mmoja haitoshi. Baba yake amekataa."

"Baba yake ana uchungu. Na mimi nina uchungu. Lakini mimi jana usiku Nuria aliniamsha akaomba maji mara mbili." Akamshika Sekela mkono, akaubana mpaka ukauma. "Zamda naye alianza hivyohivyo. Usiniulize sheria. Niulize kama nina mtoto mwingine wa kuzika."

Sekela alikuwa na mwaka wa kumi na tatu katika kazi hiyo. Baadaye, alipoulizwa na wakubwa alikuwa akifikiria nini wakati ule, alijitahidi kukumbuka hoja yoyote na hakuipata. Alikumbuka tu jinsi vidole vya mama yule vilivyokuwa vya baridi. Akatoa kinasa sauti, Mwasiti akasema jina lake na kwamba ameridhia, na wakaingia ndani.

Alimfungua chini ya mbavu za kushoto. Alifanya haraka, kwa sababu kila dakika ilikuwa inakula kile alichokifuata. Alipomaliza akauacha uzi mnene unaotumika kwa maiti, akachukua ule mwembamba wa kushonea nyuso za walio hai. Mwasiti alisimama kichwani mwa mwanawe muda wote, akimpapasa nywele. Dada yake alipokuja na ndoo za maji, akauona mshono, akamtazama Mwasiti usoni, kisha akaendelea kumimina maji.

Zamda alizikwa alasiri. Halfani ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

*

Maabara ilikuwa na mashine moja ya thamani, na wafanyakazi waliiita mizani. Kazi ya proteomiki, yaani uchunguzi wa protini, ukiiondolea makuu yake, ni kupima uzito. Gwandu, mtaalamu wa mizani, mtu wa Mbulu mwenye maneno machache na kikohozi kisichokwisha, alikisaga kile kipande, akakiosha, akavitenga vipande vidogo vya protini ambavyo seli huvishika juu ya ngozi yake na kuwaonyesha askari kama mtu anavyoonyesha kitambulisho. Mizani ikavirusha kimoja kimoja na kuvipima. Kompyuta ilijua uzito wa kila protini ya mwili wa binadamu, na kazi yake ilikuwa kulinganisha. Maelfu yalipata wenzao. Siku zikapita. Wiki ya pili Gwandu akamwita Sekela.

"Hiki hapa hakina mwenyewe," alisema.

Kilikuwa kingi, kilirudi katika kila jaribio, na uzito wake haukulingana na protini yoyote duniani. Walikaa nacho mpaka Sekela alipojaribu kukigawa. Nusu ya mwanzo ilikuwa insulini. Nusu ya pili ilikuwa kipande cha protini nyingine kabisa. Seli iliyochoka, yenye kazi nyingi, ilikuwa imeunganisha vipande viwili vilivyokatika, kama mtu anayeunga viraka vya vitambaa tofauti. Kila nusu ilikuwa mali ya mwili. Lakini vilipoungana vikawa kitu ambacho askari hawakuwahi kufundishwa kwamba ni chao, kwa hiyo wakakiona mgeni.

Waliweka kipande hicho kwenye damu ya Nuria. Askari wakaamka wote. Wakachukua damu za watoto wengine wa vijiji vya jirani zilizokuwa zimehifadhiwa. Kwa kumi na mmoja wao, askari wakaamka vilevile.

Gwandu alikohoa, akafuta mdomo. "Umempata."

Sekela alikaa chini. Alikuwa amelala hapo maabara usiku tatu. Alicheka, akalia kidogo, kisha akakumbuka. Mtambo wa kutengeneza somo jipya ulikuwa Dodoma, na usingewaka bila kauli mbili za wazazi.

"Baba yake ana sauti yake humu," alisema Gwandu bila kumtazama. "Wodini alizungumza siku zote zile, na vyombo vilikuwa vinarekodi. Kompyuta itaunga."

"Gwandu."

"Nimeshaiunga. Sikiliza kwanza."

Akabonyeza. Sauti ya Halfani ikajaa chumbani, ile sauti yake ya upole, na hata namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kusema jambo zito. *Mimi, Halfani Kidunda, baba wa marehemu Zamda, nimeridhia.* Sekela akamwomba airudie. Ilikuwa safi. Hakuna mtu Dodoma ambaye angeitilia shaka. Akaisikiliza mara ya tatu, macho ameyafumba.

"Ifute," alisema.

"Nuria anakojoa usiku kucha, mama yake alisema jana. Ukimwendea yule mzee akakataa, utakuwa umemuua mtoto kwa sababu ya adabu zako."

"Nimeshachukua mwili wa mwanawe bila yeye kujua. Sasa nimchukulie na mdomo?"

"Ulishaingia matopeni. Goti na kiuno vina tofauti gani?"

"Ifute, Gwandu."

Aliifuta, lakini hakumsemesha tena siku hiyo.

*

Nyumba ya Halfani ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja wake umefagiliwa vizuri. Mwasiti alikuwa anapepeta uwele. Alipomwona Sekela na kisanduku cha barafu mikononi, ungo ukasimama hewani. Nuria alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha maji. Akakimaliza, akaingia ndani, akatoka nacho kimejaa tena.

Halfani alimkaribisha kwenye mkeka. Aliagiza chai. Sekela alisema hapana, kwanza amsikilize.

"Baba Zamda, siku ile ulipokataa, mimi nilichukua. Nilimpasua mwanao kabla hajaoshwa. Mchokozi nimempata. Ninaweza kumfanyia Nuria somo lake, lakini sheria inataka kauli yako. Nimekuja kukwambia nilichofanya, na kukuomba."

Halfani hakusogea. Nyuma yake ungo uliwekwa chini.

"Uliingia peke yako?"

"Peke yangu."

"Muongo," alisema Mwasiti. Alikuwa amesimama, maganda ya uwele yamemjaa kangani. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuwepo. Nilimshika mwanangu kichwa."

Halfani alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, na wakamsikia akiiwasha pampu ya kisima, akiizima, akiiwasha tena, bila sababu. Mwasiti hakulia. Nuria aliuliza, "Baba anatengeneza nini?"

Aliporudi, uso na ndevu zake zilikuwa zinadondosha maji. Aliketi palepale.

"Ulimpasua wapi?"

Sekela alionyesha kwenye mwili wake mwenyewe. "Hapa."

"Nilimpokea kaburini," Halfani alisema. "Nilimshika hapohapo. Sikujua." Akavuta pumzi. "Ulimshona vizuri?"

"Nilimshona vizuri, Baba Zamda."

"Kilichobaki kiko wapi?"

Sekela akakisogeza kisanduku. "Ni kidogo. Kingine kimekwisha kwenye mashine. Nilijua utakiulizia."

"Nitakizika."

"Ukikizika, Baraza halitakuwa na njia ya kuhakikisha ninachosema. Kuna watoto wengine wenye..."

"Daktari." Hakupandisha sauti. "Hiki ni changu au si changu?"

Sekela aliwafikiria watoto wale kumi na mmoja. Alikuwa na majina yao kichwani. Akaondoa mikono yake juu ya kisanduku.

"Ni chako."

Halfani akakivuta, akakiweka mapajani, akakikumbatia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akaomba kinasa sauti. Sekela akakiwasha. Alijua, alipokuwa akibonyeza, kwamba atakachosema mtu huyu ndicho kitakachopelekwa, neno kwa neno.

"Mimi ni Halfani Kidunda," alisema, "baba wa marehemu Zamda na baba wa Nuria. Niliombwa mwili wa binti yangu nikakataa. Daktari na mke wangu wakauchukua. Sikuridhia na siridhii. Lakini kilichopatikana kimepatikana, na huyu aliyebaki anakunywa maji mbele yangu sasa hivi na hakati kiu. Atibiwe." Akakisogeza kinasa. "Basi. Zima."

Mwasiti alijikunja kwenye ukuta, akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mumewe hakumtazama. Alichukua jembe, akachukua kisanduku, akaenda makaburini peke yake.

*

Sekela aliituma kauli jinsi ilivyokuwa. Baraza la Viungo liliketi na kutoa uamuzi wake. Somo la Nuria lilitengenezwa, kwa kuwa mtoto alikuwa hai na baba yake ameomba. Mengine yote yaliyotokana na mwili wa Zamda yakafungwa mpaka kesi iishe, maana yamepatikana kwa wizi, na kipande cha kuyahakiki hakipo. Wale kumi na mmoja wangesubiri. Sekela alisimamishwa kazi, akanyang'anywa leseni, akatakiwa akae kwao Rungwe mpaka aitwe mahakamani. Siku matone yalipofika Mlima Mwekundu yeye alikuwa anafunga mizigo, na aliyemwekea Nuria chini ya ulimi ni muuguzi.

Kwao alilima viazi na mama yake. Mvua ilinyesha, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Gwandu alimpigia mara moja kumwambia kwamba wawili kati ya wale watoto walishaingia wodini, mmoja hakutoka.

Na kila Ijumaa, baada ya swala, Halfani alimpigia simu. Hakusalimia. Alitaja kiwango cha sukari cha Nuria, akakata.

"Saba."

"Sita na nusu."

"Saba."

Sekela hakupata hata nafasi ya kusema asante. Alikuwa akiacha jembe kondeni kila Ijumaa mchana, akakaa na simu mkononi. Mama yake alipomuuliza ni nani huyo asiye na salamu, alijibu kwamba ni mtu ambaye yeye ndiye aliyemkosea.

Ijumaa moja mvua ilikuwa kubwa, hata ikabidi alizibe sikio la pili kwa kidole.

"Kumi na nne," alisema Halfani.

Sekela alisubiri ile sauti ya kukatwa. Haikuja. Alisikia pumzi ya mtu upande wa pili, na nyuma yake, mbali, sauti ya Mwasiti ikimwambia mtoto alale chini.

"Insulini ya shehena mpya haijafika," Halfani alisema. "Nimeuliza. Wanasema mwezi ujao." Akavuta pumzi. "Sasa tufanye nini?"

Sekela alivuta kigoda akaketi, nguo zikimchuruzika maji.

"Mpime tena kabla hajala chochote," alisema. "Nenda. Nipo hapa, sikati."